Uki, Tumbako na Bangi: Tarikhi ya Vilevi Katika Ukambani

Katika nchi ya Ukambani, hasa ile sehemu ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Kitui na Makueni, mas'ala ya kilevi hayakuanza na polisi wala na hospitali, yalianza na umri. Kabla ya mtu kuulizwa amekunywa nini aliulizwa ni nani: amefikia daraja gani katika rika, ameoa au hajaoa, huketi barazani pamoja na wazee au bado yumo katika kundi la vijana wachezao ngoma. Bangi, ambayo ndiyo sababu ya kuandikwa maneno haya, ilipoingia katika nchi hiyo haikukuta daraja iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili yake. Nami naona kwamba sehemu kubwa ya dhara yake, kwa jinsi matabibu wa zama zetu wanavyoieleza, yatoka mahali hapo hapo.

Pombe ya Wakamba huitwa uki, na hutengenezwa kwa miwa au kwa asali. Kitui, ingawa mvua zake ni haba na ukame huitembelea mara kwa mara, tangu kale imejaliwa nyuki, na mizinga ya magogo iliyotundikwa katika mibuyu na migunga ilikuwa mali ya kurithiwa na ya kugombaniwa, kila mzinga ukiwa na alama ya mwenyewe. Palipo na maji ya kijito, miwa ilipandwa, ikatwangwa kinuni, ikakamuliwa, na maji yake yakatiwa katika mabuyu makubwa pamoja na tunda la mti ambao Wakamba huuita muatine na watu wa pwani huuita mwegea. Tunda hili, ambalo huning'inia kwa kikonyo kirefu na likiwa bichi ni sumu, hupasuliwa na kukaushwa, na nyuzinyuzi zake hushika hamira ya pombe iliyotangulia, hata mwenye tunda lililozoea kazi hulihifadhi kama chombo cha thamani na kulitumia tena na tena. Buyu likawekwa karibu na moto usiku, na baada ya siku moja au mbili uki uko tayari. Wala haungojei, kwani ukikaa hugeuka siki, na kwa sababu hiyo haukuweza kuwekwa akiba na kunywewa na mtu peke yake nyumbani juma zima. Ulitaka watu, na watu walitaka sababu.

Sababu zilikuwa nyingi, ila zilijulikana. Uki ulipelekwa kwa mkwe wakati wa kuposa, ulinywewa shauri likiisha kuamuliwa, ulimwagwa chini ya mti katika ithembo, yaani mahali pa ibada, ili aimu, roho za waliotangulia, wapate fungu lao kabla ya mvua kunyesha. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani mnamo 1911 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa kuhusu Wakamba ambacho hatta leo watafiti hawakosi kukifungua, ameeleza kwa urefu jinsi kunywa kulivyokuwa jambo la wakubwa. Anake, vijana wasiooa, hawakuwa na haki ya kunywa. Aliyeoa akiwa bado kijana alikuwa katika hali ya katikati, na atumia, wazee, ndio waliokuwa na haki kamili. Tena ndani ya wazee hao palikuwa na daraja, na kupanda kutoka daraja moja hadi nyingine, hatta kufikia kuketi katika nzama, baraza la kuamua mashauri, kulilipiwa kwa mbuzi na kwa uki. Charles Dundas, aliyekuwa hakimu wa serikali ya kikoloni huko Kitui na ambaye aliandika tarikhi ya Kitui ikachapishwa 1913, aliyaona mambo hayo hayo kwa jicho la mtu wa sheria.

Isidhaniwe kwamba wazee hao walikuwa matabibu, au kwamba waliwazuia vijana kwa kuihurumia afya yao. Kanuni ile ilikuwa kanuni ya mamlaka. Kijana alitakiwa awe mwepesi wa mguu, alinde ng'ombe, aende safari na vitani, na mzee alitakiwa apate starehe iliyomtenga na kijana. Aliyeonja kabla ya wakati wake alikuwa amekwapua haki ya mwenziwe, hakuwa amejidhuru. Na wazee wenyewe, kwa ushahidi wa kila aliyewaona, walilewa, tena walilewa sana siku za neema, wakagombana, wakapigana fimbo, na kesi za siku ya pili zikazaliwa katika pombe ya siku ya kwanza. Hatta hivyo kanuni, hata ikiwa nia yake ni nyingine, yaweza kuzaa faida ambayo mwenye kuitunga hakuikusudia. Ulevi uliofungiwa umri wa miaka thelathini na kuendelea, ukafungwa tena kwa msimu wa miwa na kwa sherehe, hauwezi kumfikia mtoto wa miaka kumi na minne kila siku ya Mungu.

Tumbako ilikuwa na masharti mepesi zaidi. Wakamba waliipenda ya kunusa, iliyosagwa na kuchanganywa na magadi, na kuichukua katika kichupa cha pembe au cha kibuyu kilichoning'inizwa shingoni; mzee kumpa mgeni ugoro ilikuwa salamu, na kumnyima ilikuwa tusi. Sitaikalia, ila nitasema kwamba hakuna mmea katika mimea yote tunayoizungumza hapa ambao umeua watu wengi zaidi duniani kuliko tumbako, na bado ni yeye aliyeingia Ukambani kwa heshima, akapata kichupa chake na adabu zake, na mpaka leo anauzwa sokoni Wote na Mwingi bila askari kugeuza shingo.

Bangi ilikuja kwa njia nyingine. Asili yake ni bara la Asia, na Bahari ya Hindi ndiyo iliyoileta upande huu zamani sana. Katika pango la Lalibela, karibu na Ziwa Tana nchini Ethiopia, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14 vilivyokuwa na masalio yake. Katika pwani yetu ilijulikana kwa jina hili hili, ikiwa ni starehe ya mabaharia na ya watu wa chini, nao wanavyuoni wengi wa Kiislamu waliihesabu miongoni mwa vilevi vilivyoharimishwa, kwa kuwa chenye kuondoa akili hukmu yake ni ya tembo. Richard Burton, aliyepita katika njia ya misafara ya Unyamwezi kati ya 1857 na 1859, alikuta bangi ikipandwa vijijini na kuvutwa kwa kiko cha maji, mvutaji akikohoa kikohozi cha kutisha, na wapagazi wakiihesabu kuwa ni sehemu ya safari kama vile mzigo na maji.

Sasa, watu wa Kitui walikuwa wasafiri kabla ya wasafiri. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka kutoka bara hadi Rabai na Mombasa ilikuwa ya Wakamba wenyewe, na tajiri wao mashuhuri, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye akiwa huko Kitui tarehe 3 Desemba 1849 aliuona mlima Kenya na theluji yake, habari ambayo wataalamu wa London waliicheka. Kivoi aliuawa 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana, Krapf akanusurika kwa shida kubwa, na baada ya muda njia ile ikachukuliwa na misafara ya Waarabu na Waswahili. Njia iliyopeleka pembe pwani ilirudisha shanga, nguo na nyaya za shaba. Na kila njia ya biashara, tangu dunia iumbwe, hurudisha pia tabia za wapitao. Baadaye ilikuja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ikavuka nchi ya Kibwezi na Makindu, ambayo leo ni Makueni, ikiwa na vibarua wa Kihindi ambao jumla yao ilikaribia 32,000, waliotoka katika nchi ambako bangi iliuzwa katika maduka yenye leseni na kulipiwa ushuru wa serikali. Kwa hiyo bangi katika Ukambani tangu hapo mwanzo ilikuwa kitu cha njiani: cha mpagazi, cha kibarua, cha askari aliye mbali na kwao. Haikumwagwa katika ithembo, haikupelekwa kwa mkwe, haikulipiwa daraja ya nzama. Kwa sababu haikuwa ya wazee, hapakuwa na mzee wa kumkataza kijana kwamba wakati wake haujafika. Alichoambiwa, ikiwa aliambiwa, ni kwamba ni uovu, na kijana akiambiwa jambo ni ovu kwa watu wa umri wote huliona kuwa ni halali kwa wakaidi wa umri wote.

Wamisionari walilikaza fundo hilo. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifungua kituo cha kwanza Nzaui, katika vilima vya Makueni, mwishoni mwa 1895, akafariki mwaka uliofuata. Na kule Kitui, Ikutha na Mulango, walikuwapo Walutheri wa Leipzig, ambao baada ya vita vya kwanza vituo vyao vilichukuliwa na wenzao wa Nzaui. Kwa watu wa Africa Inland kubatizwa kulikuwa na maana ya kuacha uki, tumbako na ngoma kwa pamoja. Naikubali nia yao, na najua familia nyingi zilizojengeka kwa kuacha pombe. Ila kwa kuvitia vilevi vyote katika kapu moja la dhambi, walikifuta kipimo cha zamani cha nani, lini na kwa sababu gani, pasipo kuweka kipimo kingine isipokuwa ndiyo na hapana.

Serikali nayo ilikuwa na ndiyo na hapana yake. Sheria ya afyuni ya Himaya ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 1914, iliifanya bangi kuwa haramu kabla hata ya mataifa kuafikiana juu yake, kwani mkataba wa Geneva ulioitia bangi ya Kihindi katika orodha ya mihadarati ulikuja 1925, na ule mkubwa wa Umoja wa Mataifa ukaja 1961. Pombe haikupigwa marufuku kabisa. Ilitiwa leseni, vibali na faini, na mahakama za wenyeji zikajaa kesi zake. Lakini lililouvunja utaratibu wa wazee halikuwa sheria hizo, bali lilikuwa fedha. Vijana wa Kitui na Machakos walichukuliwa upagazi wa vita kati ya 1914 na 1918, wakajaa katika jeshi la King's African Rifles, wakafika hadi Burma katika vita vya pili, wakafanya kazi Nairobi na Mombasa, na kijana mwenye mshahara mfukoni hahitaji ruhusa ya mzee ili anunue kibaba cha pombe. Wazee wakalalamika, mahakimu wakayaandika malalamiko, na kila mwaka mambo yakaendelea kama yalivyokuwa yakiendelea.

Sasa tuingie katika afya, ambayo katika tarikhi ya bangi imechanganyika na hofu kwa namna ambayo si rahisi kuichambua. Mjini Nairobi ilifunguliwa 1910 nyumba ya wenye wazimu, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na 1924 ikapewa jina la Mathari. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali ya pekee ya maradhi ya akili katika nchi nzima, na mgonjwa wa Kitui, ikiwa alipelekwa popote zaidi ya kwa mundu mue, mganga wa kwao, alipelekwa huko, mara nyingi akiwa amefungwa na askari. John Colin Carothers, aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani 1953, ambamo ubongo wa Mwafrika ulifananishwa na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nakitaja si kwa kuwa kina faida, ila kwa kuwa kinaonyesha hali ya elimu iliyotawala wakati ule: mahali ambapo daktari ana dhana kama hizo juu ya mtu aliye mzima, itakuwa shida kumwamini anapotaja sababu ya wazimu wa mtu aliye mgonjwa.

Shida hiyo ilikwisha kuonekana India zamani. Tume iliyoundwa na serikali ya huko 1893 ili kuchunguza bangi, na iliyowahoji mashahidi zaidi ya 1,100, ilizichukua daftari za nyumba za wazimu, ambazo ziliandika kwamba wagonjwa wengi waliharibiwa na bangi, ikazifuatilia moja moja. Ikakuta kwamba aghalabu neno bangi liliandikwa na polisi aliyemleta mgonjwa, kwa kuwa fomu ilitaka sababu na polisi hakuwa na nyingine. Hukumu ya tume, ikiwa 1894, ilikuwa ya wastani: matumizi ya kiasi hayana dhara kubwa inayoonekana, na matumizi ya kupita kiasi yaweza kuutikisa mwili na akili, hasa ya mtu aliyekwisha kuwa dhaifu. Ukoloni wa Kenya, ulioandika sheria zake miaka 20 baadaye, haukuisikiliza.

Na bado itakuwa kosa kudhani kwamba hofu yote ilikuwa uzushi. Mwaka 1987 madaktari wa Uswidi walichapisha habari za vijana 45,570 waliohojiwa walipoitwa jeshini mnamo 1969 na 1970, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15: wale waliosema wakati huo kwamba wamekwisha kuvuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, yale maradhi ya kusikia sauti na kuacha uhakika wa dunia, mara sita zaidi ya wasiovuta. Mara sita ni neno zito, ila lazima lipimwe: maradhi yenyewe humpata mtu mmoja au chini ya mmoja katika mia, kwa hiyo wavutaji walio wengi hawayapati. Uchunguzi uliofuata katika nchi kadhaa umeelekea upande huo huo, na umeongeza mambo mawili ambayo wazee wa nzama wangeyaelewa bila mkalimani: kwamba hatari huzidi kwa anayeanza akiwa mdogo, na huzidi kwa anayevuta kila siku, hususan ile bangi kali. Wataalamu hubishana kama bangi ndiyo huzaa maradhi au huyavuta yaje mapema kwa aliye na asili yake katika damu. Kwa mzazi wa kijana mwenye ndugu aliyeugua, ubishi huo haubadili shauri.

Jinsi bangi inavyofanya kazi ilikuwa siri mpaka 1964, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walipoitoa ile dawa iliyomo, ambayo huitwa kwa herufi THC. Ndani ya ubongo zimo chembe zenye mahali pa kuipokea, si kwa sababu tuliumbwa tuvute bangi, ila kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana nayo kwa ajili ya kuratibu kumbukumbu, njaa, maumivu na hofu. Katika shina la ubongo, linaloamrisha pumzi, mahali hapo ni pachache mno, na ndiyo maana mtu mzima hafi kwa bangi peke yake kama afavyo kwa heroini au kwa pombe kali. Lakini ubongo wa binadamu huendelea kujengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na mfumo huo huo ni mmoja wa mafundi wake; mvulana wa miaka 15 anayeujaza moshi kila siku humchanganya fundi akiwa juu ya kiunzi. Kumbukumbu na makini hupungua kwa mvutaji wa kila siku, na sehemu kubwa hurudi akiacha, ila kwa walioanza utotoni si hakika kwamba hurudi yote. Takriban watu tisa katika mia waliowahi kuitumia hunaswa wasiweze kuiacha, na kwa walioanza kabla ya utu uzima hufika kama 17 katika mia.

Yapo na mengine, ambayo nitayapita upesi. Moshi ni moshi: huleta kikohozi na makohozi ya kudumu, hata kama uhusiano wake na saratani ya mapafu haukuthibiti kama ule wa sigara. Moyo hupiga mbio, jambo ambalo si salama kwa mzee mwenye maradhi ya moyo. Mama mjamzito anayevuta huwa katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Mwenye kuendesha gari hupoteza kipimo cha wakati na masafa, na akiongeza pombe juu yake hatari hujizidisha. Wapo wavutaji wa miaka mingi wanaopatwa na kutapika kusikokoma, ambao hupata nafuu kwa kuoga maji ya moto, na madaktari walichelewa hata karne hii kuyatambua maradhi hayo. Upande wa pili, haitakuwa insafu kunyamaza kwamba dawa iliyotolewa katika mmea huu, isiyolevya, ilikubaliwa Marekani 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa, na kwamba nyingine hutuliza kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani. Dawa hizo hupimwa kwa miligramu. Msokoto unaouzwa nyuma ya kituo cha matatu haukupimwa na yeyote.

Mtu wa Makueni au Kitui ana haki ya kuuliza: je, bangi ni hatari kuliko kile ambacho sheria imekiruhusu au imekifumbia jicho? Jibu la tarikhi ya karibuni ni chungu. Mei 2014, kwa siku chache, makumi ya watu walikufa katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na nyinginezo kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haina dhara yenyewe mara inapoingia. Ini ndilo huigeuza ikawa asidi inayokata mshipa wa macho na kuichafua damu, na kwa hiyo mnywaji huamka siku ya pili akidhani ana uchovu wa kawaida, kisha giza likamshukia. Uki wa muatine, pamoja na ulevi wake wote, haukufanya hivyo. Chang'aa, pombe kali ya kuchemshwa, ilipigwa marufuku kwa sheria maalum ya 1980, ikaruhusiwa kwa masharti 2010, na katika miaka 30 ya marufuku iliyofifia ilikuwa ile pombe ya wazee iliyohitaji siku mbili na watu wengi. Iliyobaki ni ile inayochemshwa usiku, ikasafirishwa katika madumu na kuuzwa kwa kipimo cha mfuko wa maskini. Nasema haya ili ijulikane kwamba marufuku hukiondoa kitu kinachoonekana kabla ya kukiondoa kinachojificha.

Leo nchi ya Ukambani imekuwa njia tena, pengine kuliko wakati wa Kivoi. Barabara kuu ya Mombasa hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na ile ya Garissa hukata Mwingi. Bangi ya Ethiopia inayoingia kwa upande wa Moyale, na ile inayotoka magharibi ya nchi, hufuata malori na mabasi, na utingo na mwendesha bodaboda ni wateja wake kama walivyokuwa wapagazi. Kando yake kuna muguka, aina ya miraa, kutoka Mbeere, halali kisheria, unaotafunwa na vijana usiku kucha, nao mara nyingi huambatana na kileo cha kuuteremsha mchangamko wake. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, wa 2022 ulihesabu Wakenya 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 waliokuwa wakitumia bangi wakati ule, yaani karibu wawili katika mia, ilhali miaka mitano nyuma walikuwa mmoja katika mia. Sheria ya mihadarati ya 1994 ilimwekea mwenye bangi ya kuvuta mwenyewe kifungo cha miaka 10, na mwenye kuifanyia biashara kifungo cha maisha. Ongezeko hilo limetokea chini ya sheria hiyo, na hilo peke yake latosha kuwafikirisha walioitunga.

Mjadala wa kuihalalisha umekwenda na kurudi. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada 2018 na akafariki mwaka uliofuata. Marasta walikwenda Mahakama Kuu 2021 wakidai haki ya ibada. Na 2022 George Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya kulima bangi na kulipa nayo deni la taifa, akashangiliwa katika kila mkutano na kupata kura 61,969, ambazo hazikufika hata nusu ya moja katika mia. Wapo waliodhani kwamba kelele za shangwe ni kura. Katika mjadala wote huo nilisikia sana habari za fedha na za uhuru, na kidogo mno habari za umri, ambao ndio jambo la pekee ambalo watetezi na wapinzani, wakikaa pamoja na daktari, wangeweza kuafikiana.

Yaliyo ya kweli hufanyika mahali pasipo na kelele. Makueni, yenye watu 987,653 kwa hesabu ya 2019, ilikuwa ni kaunti isiyo na daktari wa maradhi ya akili hata mmoja wakati Profesa David Ndetei na wenzake wa Africa Mental Health Research and Training Foundation walipoichagua. Waliwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa vituo vya kawaida mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndani yake imo sehemu ya ulevi na mihadarati, kisha wakafanya jambo ambalo Carothers asingelifikiri: waliwaita wahudumu wa afya wa vijijini, wachungaji wanaoombea wagonjwa, na waganga wa jadi, wakawafundisha kuzitambua dalili na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Walijua kwamba mama ambaye mwanawe ameanza kuzungumza na watu wasioonekana hutafuta kwanza maombi au mundu mue, na hospitali huja ya tatu. Kwa hiyo hawakuivunja njia ile, waliongeza kipande mwisho wake. Muuguzi aliyefundishwa hana sindano ya kuondoa uraibu wa bangi, kwa kuwa haijapatikana duniani. Anazo dawa za kutuliza sauti, ikiwa sauti zipo, na zaidi ya hapo ana mazungumzo: ulianza lini, wavuta mara ngapi, pamoja na nani, kuna mtu wa nyumba yenu aliyewahi kuugua hivi, kisha mgonjwa arudi baada ya majuma machache, na safari hiyo aje na mzazi au mjomba anayekaa naye.